Giaboksi ya manyuali kwa gari la kale lenye torki kubwa: anza kuchagua kwenye tairi

Mafuta niliyomwaga kutoka kwenye giaboksi ya Chevelle ile, gari la kale la Chevrolet, yalikuwa yanang'aa dhahabu. Hiyo ni shaba ya ringi za senkro (zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana), imesagika ikawa unga. Nikapitisha sumaku kwenye beseni, ikatoka na vipande viwili vya chuma vyenye ukubwa wa ukucha. Nilipofungua kifuniko cha ubavuni nikaona: gia ya kwanza kwenye leishafti (shafti ya chini ndani ya giaboksi) imepungua meno mawili, na mahali yalipokatikia pana chembechembe kama sukari. Chuma kikikatika hivyo, kimepigwa kwa ghafla. Hakikuchoka polepole.

Gari lenyewe ni Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya inchi za ujazo 454 aina ya LS6, na giaboksi ni Muncie M22, ile Wamarekani wanayoiita Rock Crusher. Mwenyewe hakuelewa. Imevumilia nusu karne, leo imevunjikaje? Jibu lilikuwa nyuma ya gari. Wiki chache kabla alikuwa amefunga tairi pana za mpira laini zinazoshika lami.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujafungua pochi, anza hesabu yako kwenye tairi.

Hatua ya 1: Angalia tairi na jinsi unavyoondoka

Tairi ndiyo fyuzi ya mfumo mzima. Tairi nyembamba za zamani zilikuwa zinateleza mapema, na torki (nguvu ya kuzungusha) iliyozidi ikaishia kwenye moshi. Tairi inayoshika hairuhusu hilo. Ukiachia klachi kwa kishindo, injini, flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) na uzito wote wa gari vinakutana kwenye meno machache ya gia ya kwanza. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: gari ni la matembezi ya Jumapili, au utalipeleka kwenye mashindano ya robo maili? Injini ileile inaweza kuhitaji giaboksi mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Pata torki halisi ya injini yako

LS6 ilitangazwa kuwa na futi-pauni 500, sawa na Nm 678 hivi. Kumbuka namba hiyo ilipimwa kwa njia ya zamani, injini ikiwa peke yake juu ya stendi. Kuanzia 1972 watengenezaji wa Marekani walianza kutangaza namba zilizopimwa na vifaa vyote vikiwa vimefungwa, ndiyo maana zilionekana kushuka ghafla. Lakini usijifariji kwa hilo. Injini nyingi za aina hii zimeshachongwa, zimebadilishwa kemshafti (shafti inayofungua vali) na vichwa, na zinatoa zaidi ya zilivyotoka kiwandani. Kama unaweza, ipime kwenye dainamomita, kisha tafuta giaboksi inayobeba walau robo zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gia ya kwanza na difu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo twende taratibu. Zidisha uwiano wa gia ya kwanza kwa uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma). Kwa injini kubwa kama hii, jibu likiwa kati ya 9 na 11 gari litaondoka vizuri bila kuchoma klachi.

M22 ina gia ya kwanza ya 2.20. Chevelle yetu ina difu ya 3.31, unapata 7.28. Ndiyo maana ilikuwa nzito kuondoka, na mwenyewe alizoea kupandisha injini na kuachia klachi ghafla. Wa zamani walitatua hilo kwa difu ya 4.10, ikafika 9.02. Lakini sasa nenda barabara kuu. Kwa tairi yenye kipenyo cha inchi 27, ukitembea kilomita 110 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,490 kwa dakika. Safari ya saa mbili kwa kelele ile inachosha mtu na injini yake.

Chukua giaboksi ya gia tano yenye 2.87 mwanzo, ukaacha difu ileile ya 3.31: unapata 9.5. Gari linaondoka kwa nguvu kuliko hata lingekuwa na difu ya 4.10, na gia ya tano ya 0.81 inashusha mizunguko hadi kama 2,280 kwa mwendo uleule. Ipo pia ya 0.68, itakushusha chini ya 2,000. Kwa kemshafti kali ya LS6 mimi siipendi. Injini itakuwa inakokota mlimani.

Hatua ya 4: Sasa linganisha giaboksi

Za kiwandani zilizo imara ni tatu. Muncie M22 meno yake yamelala kidogo tu, karibu kunyooka, kwa hiyo hayasukumani sana kwenda mbele na nyuma. Kelele yake inatokana na hapo. Toploader ya Ford, iliyoanza 1964, ina kasha la chuma cha kusubu lililofungwa pande zote isipokuwa juu, na kasha lisilojipinda ndilo linalofanya meno yabaki yameumana sawasawa. Chrysler wana A-833. Ya injini kubwa za Hemi na 440 utaijua kwa shafti ya kuingilia yenye meno 18, ile ndogo ina 23. Ukinunua Muncie, tazama shafti ya kuingilia: M20 ina mikato miwili ya kuzunguka, M21 mmoja, M22 haina. Hata hivyo fungua uone gia zenyewe, maana vipuri vimehamishwahamishwa miaka mingi.

Za kisasa: Tremec TKX ya gia tano imepewa kiwango cha futi-pauni 600, na T-56 Magnum ya gia sita 700. Magnum ni ndefu na nene, mara nyingi utalazimika kukata sakafu ya gari la kale. T-5, giaboksi nyepesi ya gia tano, iache kwa injini ndogo. Ni giaboksi nzuri, ila torki hii itaimaliza.

Hatua ya 5: Pima belhauzingi

Belhauzingi ni kasha linalounganisha injini na giaboksi. Usiruke hapa. Niliwahi kuruka, nikarudishiwa gari linalochomoka gia ya nne, beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) imesagika. Funga geji ya mshale kwenye flaiwili, ncha iguse ukingo wa ndani wa tundu la belhauzingi, zungusha injini kwa mkono mzunguko mzima. Mshale usitembee zaidi ya milimita 0.13. Ukizidi, weka pini za kulenga belhauzingi zilizohamishwa kitovu, kwa nusu ya kipimo ulichosoma: geji ikisema 0.36, pini ni ya 0.18.

Hatua ya 6: Klachi na mafuta

Chagua klachi inayobeba torki yako bila kung'ata kama swichi, kwa sababu klachi inayoteleza kidogo inaokoa meno. TKX na Magnum zinatumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki aina ya Dexron III. Muncie ipe mafuta ya gia ya GL-4. GL-5 nyingi zina kemikali za salfa zinazokula shaba ya senkro.

Chevelle ile ilifungwa TKX ya 2.87, difu haikuguswa. M22 niliitengeneza, nikaipaka mafuta, nikampa mwenyewe ndani ya sanduku la mbao. Namba zake zinalingana na za gari, na siku akitaka kuliuza, mnunuzi atauliza giaboksi hiyo kabla hajauliza rangi.