Kuunganisha Mashine ya Gemu ya Zamani kwenye Televisheni Bapa

Zipo nyumba Kirumba, Mabatini na Igoma, hapa Mwanza, ambamo PlayStation 2, au mashine ya kaseti iliyo ya zamani zaidi, imekaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki tangu televisheni ya chogo ilipouzwa. Siku mwenye nyumba anapoishusha ili awaonyeshe watoto wake kile alichokicheza utotoni, televisheni bapa humpa picha iliyofifia na kutanuka, au giza tupu, naye huamini kwamba mashine imekufa. Nimeziunganisha mashine hizi kwa ndugu na majirani kwa miaka kadhaa, na mara nyingi nimeikuta mashine ni nzima kabisa. Tatizo huwa katika namna televisheni inavyoipokea picha, na hilo hurekebishika.

Kabla ya picha, angalia umeme. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na zile za Marekani volti 120. PlayStation 2 nene, ile ya mwanzo, hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja, hivyo iliyotoka Japani ikichomekwa hapa bila transfoma ya kushusha umeme inaweza kuungua papo hapo. Soma kibandiko chake kwanza. Kwa mashine za kaseti, hatari iko kwenye adapta: Famicom ya mwaka 1983 hutaka volti 10 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), lakini NES, ambayo ni ndugu yake wa kampuni hiyohiyo ya Nintendo, hutumia adapta ya volti 9 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani). Adapta kuingia vizuri kwenye tundu si uthibitisho kwamba ndiyo yenyewe.

Sasa tuelewe kwa nini picha huharibika, maana anayelielewa hili hatahitaji fundi. Mashine nyingi za kaseti, pamoja na PlayStation ya kwanza, hutoa picha ya mistari 240 hivi, inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zile za mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika kwetu, huchora mara 50. Televisheni ya chogo iliichora mistari hiyo kama ilivyokuja. Televisheni bapa ina mistari yake isiyobadilika, 1080 kwa mfano, kwa hiyo hulazimika kuigeuza picha kuwa ya dijitali, kuikuza na kuyajaza mapengo. Mbaya zaidi, televisheni nyingi huidhania mistari 240 kuwa nusu ya picha ya mistari 480, kana kwamba mistari witiri imeletwa sasa na ile shufwa inafuata, kisha huzisuka picha mbili ambazo hazikupaswa kusukwa. Hapo ndipo kivuli cha mchezaji kinachopaswa kumetameta hupotea kabisa, na kitu kinachokwenda kasi huacha ukungu nyuma yake. Kazi yote hiyo pia huchukua muda, na ndiyo sababu unabonyeza pedi na mchezaji anaruka akiwa amechelewa.

Anza na waya wa AV wenye vichwa vya njano, cheupe na chekundu. Ikiwa nyuma ya televisheni huoni tundu la njano, usikate tamaa. Televisheni nyingi hutumia tundu la kijani kwa kazi mbili, na mara nyingi ukingo wake hupakwa njano au huandikwa AV. Chomeka kichwa cha njano hapo, kisha kwa rimoti uchague AV. Nyingine zina kitundu cha duara kama cha spika za masikioni, ambacho huhitaji waya maalumu uliokuja na televisheni yenyewe. Nyaya hizo hufanana sana, ila mpangilio wa ndani hutofautiana, na wa televisheni nyingine unaweza kuleta mlio wa mngurumo mahali pa picha.

Picha ikija bila rangi, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama televisheni imewekwa kwenye njia ya Component (ile ya nyaya tatu za picha) badala ya AV, ama mashine inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC, wa Japani na Marekani, huku televisheni ikingojea PAL. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mfumo wa rangi, uweke Auto au NTSC.

Mwenye PlayStation 2 ana njia iliyo bora zaidi ambayo wengi hawaijui, nayo ni waya wa Component wenye vichwa vya kijani, buluu na chekundu kwa picha, na viwili vya sauti. Tofauti yake na waya wa njano huonekana hata kwa mtu asiyejali mambo haya, kwa kuwa rangi hazichanganyiki tena katika waya mmoja. Kabla ya kubadilisha waya, washa mashine bila diski ukiwa bado na ule wa zamani, ingia System Configuration, kisha Component Video Out, na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Ukisahau hatua hii rangi zitakuja vibaya na utaulaumu waya bure. Jambo la kuangalia ni kwamba diski za PlayStation ya kwanza, zikichezwa kwa njia hii, hutoa ile mistari 240, na baadhi ya televisheni huikataa kabisa kwenye Component na kuandika kwamba hakuna mawimbi. Kwa diski hizo rudi kwenye waya wa njano.

Televisheni isiyo na tundu lolote ila HDMI itahitaji kigeuzi. Visanduku vidogo vya bei nafuu vinapatikana kwa wauza vifaa vya umeme mjini, lakini soma maandishi yake kwa makini: unataka kile kinachotoka AV kwenda HDMI, kwa sababu cha kinyume chake kina umbo lilelile na hakitakufaa kitu. Hutumia volti 5, hivyo chaja ya simu inatosha. Kwa maoni yangu kinafaa kwa kuanzia tu, kwa kuwa nacho huidhania mistari 240 vibaya na mara nyingi huitanua picha. Vifaa vilivyobuniwa hasa kwa mashine hizi, kama OSSC na RetroTINK, huitambua mistari hiyo na kuizidisha bila ucheleweshaji unaohisika, ila ni vya gharama na kwa kawaida huagizwa kutoka nje.

Hata hivyo, marekebisho yenye faida kubwa hayagharimu chochote. Chagua hali ya picha iitwayo Game, ambayo huiamuru televisheni iache mapambo yake. Picha moja kati ya 60 za sekunde hudumu milisekunde 16.7 tu, na televisheni isiyo kwenye hali hiyo inaweza kuchelewa picha kadhaa. Weka umbo la 4:3 ili nyuso zisinenepe. Punguza ukali wa picha na uzime kila kinachodai kulainisha mwendo.

Kaseti isiyosoma usiipulize kwa mdomo, desturi tuliyokuwa nayo sote, kwani mate huleta kutu, na hewa ya kandokando ya ziwa tayari ina unyevu wa kutosha. Futa meno yake kwa pamba yenye spiriti safi, uache ikauke. Wadudu wa ziwani wanapovamia taa usiku, ifunike mashine ukishaizima, wasiingie kwenye matundu ya hewa.

Kitu kimoja hakitarekebishwa na mpangilio wowote, nacho ni bunduki ya gemu ya kufyatulia bata. Ilitegemea jinsi televisheni ya chogo inavyochora mwanga, na mbele ya televisheni bapa haioni chochote. Ukiitaka bunduki hiyo itafute chogo nzima, na ukiipata usiifungue nyuma, kwa maana bomba lake la kioo huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.