Cheki taiming ya msingi kwanza, ndo utuni gari ya tabo

Wakuu, kuna kitu kinarukwa sana mtu akishafunga tabo kubwa na kontroo boksi ya kutuni, iwe Haltech, Link au MegaSquirt. Kompyuta inachomekwa, skrini inasoma digrii 15, basi fundi anaamini plagi inapiga moto digrii 15 kabla pistoni haijafika juu. Ile namba ni kile boksi inachodhani tu. Moto wenyewe unapigwa wapi hujui mpaka umulike puli ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa taa ya taiming, ile inayomweka kila plagi namba moja ikipiga moto. Kutuni bila kumulika ni kama kufuturu kwa saa mbovu, ratiba iko sahihi ila jua bado lipo.

Tuseme skrini inasema 15 na ukweli ni 20. Mjini hapa gari itakuwa tamu, nyepesi, unasifia fundi, mpaka siku unapanda Nyang'oro kwenda Iringa na watu wanne na mizigo, busti (presha ya hewa ya tabo) imejaa, jua kali, mafuta yanalipuka ovyo, injini inaanza kugonga na pistoni inatoboka. Ikiwa kinyume, ukweli ni 10, gari inakuwa nzito, mafuta yanamalizia kuungua kwenye egzosi, manifodi inaiva nyekundu na tabo inapikwa.

Afu kuna hii ya "Dodoma iko juu, mita 1,100 na kitu, kwa hiyo taiming ya msingi iongezwe". Hapana. Taiming ya msingi ni makubaliano kati ya boksi na krankishafti, ukiwa Dar au Dodoma ni ileile. Hewa nyepesi na joto unavishughulikia kwenye mapu, yaani lile jedwali la namba ambalo boksi inalifuata.

Anza na alama ya puli, na usiiamini hivihivi. Puli nyingi zina raba katikati, gari ikizeeka ule mduara wa nje unateleza na alama inahama nao. Toa plagi zote, kwenye tundu la namba moja funga kizuizi cha pistoni (mafundi wanachukua plagi chakavu, wanatoa udongo wake, wanachomelea bolti yenye ncha ya mviringo), zungusha injini kwa spana taratibu mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye puli, rudi upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya hizo mbili ndo juu kabisa. Usitumie stata hata kidogo, utatoboa pistoni kwa mkono wako. Kama puli haina mistari ya digrii pima kwa futi ya fundi cherehani: puli ya upana wa milimita 140 ina mzunguko wa karibu 440, gawa kwa 360 unapata milimita 1.2 kwa digrii, kwa hiyo digrii 10 ni kama milimita 12 hivi. Paka korekta nyeupe. Na kazi ya kumulika fanya jioni au ndani ya gereji, jua la saa saba la huku hutaona kitu.

Toa kizuizi, rudisha plagi, pasha injini mpaka ifike joto lake la kawaida, zima AC na taa za gari. Nguo na mikono mbali na feni na belti. Kibanio cha taa ya taiming weka kwenye waya wa plagi namba moja, mshale wake uelekee kwenye plagi. Kama koili inakaa juu ya plagi, ing'oe hiyo ya namba moja uunganishe na plagi kwa waya mfupi wa moto, hapo ndo unapata pa kubana. Angalizo kwa wenye taa za kuzungusha digrii: koili zinazopiga moto mara mbili kwa mzunguko mzima wa injini zinaidanganya taa, itakusomea 20 wakati ni 10. Weka taa kwenye sifuri, soma mistari ya puli.

Sasa ingia kwenye programu ufunge taiming kwenye namba moja, 10 au 15, isipande wala isishuke. Mulika. Ukiona tofauti badilisha ofseti ya triga (namba inayoiambia boksi pistoni iko juu wapi) kwa digrii moja uone alama inahamia wapi, maana kila programu ina mtindo wake wa kujumlisha na kutoa, afu endelea mpaka skrini na puli viseme kitu kimoja.

Usiishie kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Piga resi polepole hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, taiming ukiwa bado umeifunga. Alama inatakiwa itulie palepale. Ikiteleza kadiri resi inavyopanda, cheki nyaya za sensa ya kranki, zile za sumaku zenye nyaya mbili ukizigeuza gari inawaka vizuri tu ila taiming inahama. Ikirukaruka ovyo, angalia belti iliyolegea, distribyuta yenye mchezo, au waya wa sensa uliopitishwa karibu na koili.

Kama boksi ni ya kiwandani mambo ni tofauti kidogo. Toyota za injini ya 3S-GTE zenye distribyuta unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, inatakiwa isome 10, isiposoma legeza distribyuta uizungushe. 1JZ-GTE nayo ni 10, ukiunganisha TE1 na E1 hivyohivyo. SR20DET ya Nissan ni 15, unazungusha ile sensa ya kamshafti. Subaru za EJ20 hamna pa kuzungusha, na fundi akikuambia "nimeizungusha" muulize amezungusha nini.

Ukimaliza fungua taiming irudi kwenye mapu na uhifadhi, watu wanasahau hapa afu wanalalamika gari haina nguvu. Barabarani anza na busti ndogo, vuta kidogo, toa plagi uziangalie. Ukiona vidoti vinavyong'aa kwenye udongo mweupe wa plagi, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, zima gari usiiendeshe tena mpaka umerudi kwenye mapu.