Jinsi ya Kubadilisha Kapasita za Umeme katika Priamplifaya ya Zamani ya Valvu

Mtu anayekabidhiwa priamplifaya ya valvu (chombo kinachokuza sauti hafifu kwa taa za kioo kabla ya amplifaya kuu) iliyokaa miaka mingi katika stoo ya parokia, tuseme Tosamaganga au Tukuyu, kusini mwa Tanzania, hushawishika kuichomeka kwenye soketi mara moja ili aone kama bado inafanya kazi. Asifanye hivyo. Ndani ya kapasita za elektroliti, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji na kusafisha umeme wa valvu, kuna karatasi iliyoloweshwa kemikali, nayo imebanwa kati ya foili mbili za alumini, ambapo utando mwembamba sana wa oksidi juu ya foili moja ndio unaozuia umeme usipite. Utando huo hutunzwa na volti yenyewe. Chombo kikikaa bila kuwashwa kwa miaka mingi utando huchakaa na kemikali hukauka, na siku volti 300 zinaporudishwa ghafla, kapasita huvujisha umeme, hupata moto na huweza kupasuka au kuiunguza transfoma. Transfoma ndiyo sehemu iliyo ngumu kupata kuliko zote, ilhali kapasita hupatikana kwa fedha kidogo.

Kwa chombo ambacho bado kinatumika, dalili ya kapasita zilizochoka ni mvumo kwenye spika ambao haubadiliki unapozungusha kitasa cha sauti. Umeme wetu ni wa hezi 50, lakini rektifaya (sehemu inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja) inayotumia pande zote mbili za wimbi huacha mabaki ya hezi 100. Transfoma nayo hutetemeka kwa hezi 100, hivyo unaweza kuisogelea, ukasikiliza mlio wa mwili wake, kisha ukalinganisha na mvumo wa spika. Milio hiyo ikiwa ya kimo kimoja, zishuku kapasita za umeme. Mvumo wa spika ukiwa mzito zaidi, yaani wa hezi 50, tafuta kwanza kosa kwenye nyaya za hita za valvu (sehemu zinazopasha valvu moto) au katika namna vyombo vilivyounganishwa ardhi, isipokuwa kama chombo chako kina rektifaya ya upande mmoja tu.

Usalama kabla ya bisibisi

Chomoa waya wa umeme kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kapasita ya mikrofaradi 50 iliyochajiwa hadi volti 350 hubeba takriban jouli 3, kiasi kinachotosha kumdhuru mtu hata baada ya chombo kuzimwa. Chukua rezista ya kiloomu 22 yenye uwezo wa wati 5, ilehemu kwenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha iunganishe kati ya chasisi (bamba la chuma linalobeba vifaa vyote) na kila nguzo chanya ya kapasita kwa muda usiopungua nusu dakika. Pima kwa multimita hadi ione chini ya volti 5, subiri dakika chache, kisha pima tena, kwa sababu kapasita za aina hii hujirudishia volti kidogo zenyewe baada ya kumwagwa. Mtindo wa baadhi ya mafundi wa kugusisha nguzo kwa bisibisi ili itoe cheche huharibu kapasita, hutoboa chuma, na haukuhakikishii kwamba sehemu nyingine za saketi zimebaki bila umeme. Unapopima chombo kikiwa kimewashwa, weka mkono mmoja mfukoni, vaa viatu vikavu, na usifanye kazi hiyo peke yako nyumbani.

Kusoma kilichopo

Mara nyingi utakuta kopo moja la alumini lililosimama juu ya chasisi, likiwa na kapasita mbili au tatu ndani yake. Chini ya kopo, karibu na kila mguu, pana alama iliyokatwa: nusu mwezi, mraba, pembetatu, na wakati mwingine mguu mmoja usio na alama, na ubavuni huandikwa kila alama ina mikrofaradi ngapi na volti ngapi. Piga picha za simu kutoka pande kadhaa kabla ya kugusa waya wowote, kisha chora kwenye karatasi rezista zinazoanzia kwenye rektifaya na kupita mguu hadi mguu. Angalia pia kama kopo limekaa juu ya kipande cha fiba kinacholitenga na chasisi. Likiwa limetengwa, mtengenezaji alikusudia upande hasi uungwe na chasisi mahali pamoja tu, na ukiugusisha mahali pengine utakaribisha mvumo ambao hukuwa nao.

Kagua mpira ulio chini ya kopo. Ukoko mweupe au wa kahawia, unata kwenye mzizi wa mguu, au mpira uliovimba kama andazi, ni ushahidi kwamba kemikali imetoka. Hata hivyo kopo lililo safi kwa nje halithibitishi uzima wa ndani, na kwa umri wa miaka 60 ningebadilisha zote bila kujadiliana na multimita. Multimita ya kawaida hupima mikrofaradi kwa volti chache tu, na kapasita inayosoma vizuri kwa volti hizo inaweza kuvujisha vibaya kwenye volti 300.

Kuchagua kapasita mpya

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kuboresha maana yake ni kuongeza ukubwa. Chukua mfano wa priamplifaya yenye valvu chache za ECC83, aina ndogo ya kukuza sauti, ambazo kwa pamoja hutumia miliampea 5. Kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ikiwa ya mikrofaradi 32, mabaki ya wimbi juu yake yatakuwa takriban volti 1.5. Baada ya rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya pili ya mikrofaradi 32, mabaki hayo hupungua mara 200 hivi na kufikia milivolti 8, na hatua ya tatu huyapunguza tena kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kuongeza kapasita ya kwanza kutoka 32 hadi 47 kunapunguza mabaki kwa theluthi moja. Kuongeza ya pili kwa kiasi hichohicho kunaleta faida ileile. Tofauti ni kwamba kapasita ya kwanza ikizidi, rektifaya na transfoma hulazimika kutoa mkondo mkali kwa vipindi vifupi, lakini ya pili imejificha nyuma ya rezista na haiwatesi.

Kwa hiyo kapasita ya kwanza iache karibu na thamani iliyoandikwa, na kama unataka kuongeza, ongeza kwenye hatua zinazofuata. Valvu za rektifaya zina mipaka iliyotangazwa na watengenezaji wake: EZ80 na EZ81 haziruhusiwi kupita mikrofaradi 50 katika nafasi hiyo ya kwanza, GZ34 haipaswi kupita 60, na EZ90 huishia 16 tu. Ukiivuka mipaka hiyo, rektifaya inaweza kupiga cheche ndani ya kioo chake au kufa mapema.

Ndiyo maana nina shaka na kapasita zinazong'olewa kwenye televisheni mbovu za kioo kizito, ambazo fundi yeyote wa Mwanjelwa (Mbeya) au Kihesa (Iringa) huwa nazo kwenye boksi. Nyingi ni za mikrofaradi 100 hadi 220 na volti 400, na ubure wake unavutia. Mikrofaradi hizo ni nyingi mno kwa nafasi ya kwanza, volti zake ni kidogo mno, na umri wake haujulikani. Transfoma ya volti 250 kwa kila upande hutoa kilele cha volti 353 wakati valvu bado za baridi na hazijaanza kuvuta mkondo, na umeme wa nyumbani ukipanda hadi 250 badala ya 230, kilele hicho hukaribia 385. Nunua za volti 450, mpya, zilizoandikwa nyuzi 105. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 hudumu takriban mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, hivyo ikikaa kwenye nyuzi 65 utatarajia saa zipatazo 32,000. Jihadhari na kapasita iliyo nyepesi na ndogo kupita kiasi kuliko nyingine zenye maandishi yaleyale, kwa maana zipo ambazo ndani ya ganda kubwa kumewekwa kitu kidogo.

Kufunga

Kopo la zamani liache mahali pake kwa ajili ya sura, lakini kata kila waya unaoliendea. Kuunga kapasita mpya sambamba na ile mbovu ni kosa, kwa kuwa ile mbovu itaendelea kuvujisha na kupasha moto. Chini ya chasisi funga kipande cha vituo vya kulehemu kwa skrubu, mbali na soketi za valvu na rezista zinazopata joto, halafu panga kapasita mpya kwa mfuatano uleule wa mchoro wako. Hasi zote zirudi kwenye kituo kimoja, na waya mmoja tu utoke hapo kwenda mahali palepale hasi ya kopo ilipokuwa imeungwa. Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60 kinatosha kwa miguu ya kapasita. Kwenye chasisi yenyewe utahitaji kikubwa zaidi, kwa sababu bamba hunyonya joto na risasi ya kulehemu huganda juu juu bila kushika.

Hakikisha chanya na hasi kila mara kabla ya kulehemu. Kwenye kapasita nyingi za sasa mstari ulio ubavuni huonyesha hasi, wakati zile ndefu zenye mguu kila upande huwa na mkunjo kuzunguka mwili karibu na chanya. Pima pia rezista zilizo kati ya hatua. Za kaboni huongezeka thamani kadiri zinavyozeeka, na kama ya kiloomu 10 inasoma 13, badilisha kwa ya wati 1 au 2. Kapasita ndogo zilizoungwa kwenye mguu wa kathodi wa kila valvu, ambazo mara nyingi ni za mikrofaradi 25 na volti 25, zibadilishe siku hiyohiyo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kabla ya kuwasha, kagua kibadili volti kilicho nyuma ya chombo. Kikiwa na nafasi za 220 na 240, kiweke kwenye 240, maana chombo kilichowekwa 220 kikipewa umeme wa 240 hupata hita za volti 6.9 badala ya 6.3.

Unga balbu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu itang'aa kwa muda mfupi kisha itafifia. Ikibaki inang'aa sana, kuna shoti au kapasita iliyofungwa kinyume: chomoa, mwaga umeme kwa rezista yako, na tafuta kosa. Ikififia vizuri kwa dakika kumi bila harufu, ondoa balbu na upime volti kwenye kila hatua. Tofauti ya asilimia 10 na mchoro wa mtengenezaji si neno. Kiache kifanye kazi kwa saa moja, chomoa, mwaga umeme, kisha gusa kila kapasita kwa kidole: ya uvuguvugu kidogo haina tatizo, yenye joto kuliko jirani zake ina kasoro au imekaa karibu mno na rezista.

Andika volti ulizopima, thamani za kapasita na tarehe kwenye karatasi, ibandike ndani ya kifuniko, na usirudishe kifuniko kabla hujathibitisha kwamba hakuna kipande cha waya wala tone la risasi lililobaki kwenye chasisi. Tangu Novemba hadi Aprili, radi zinapoanza kupiga, chombo kichomolewe kwenye soketi pamoja na antena ya redio iliyoungwa nacho.