Mvinyo mweupe mtamu kutoka shamba la familia, Dodoma

Wengi wakisikia "mvinyo mtamu" wanawaza mfuko wa sukari ya dukani. Huo ni mvinyo uliotiwa sukari, kitu kingine kabisa. Utamu tunaoutaka hapa ni wa zabibu yenyewe, na unabaki kwa sababu umeizuia kwa baridi hamira, inayogeuza sukari kuwa kilevi, isiumalize. Kwa hiyo kabla ya kununua pipa, hakikisha una friza au chumba cha baridi.

1. Chagua msimu na zabibu

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya masika, kuanzia Februari, hukutana na mvua: zabibu hunywa maji, vichala huoza. Kwa mvinyo mtamu subiri ya kiangazi, Agosti na Septemba. Tumia zabibu nyeupe aina ya Chenin Blanc, kwa sababu uchachu wake hubaki hata ikiiva sana, na utamu bila uchachu hukinaisha. Zabibu nyekundu ya Makutupora iache kwa mvinyo mwekundu.

2. Vuna alfajiri

Familia nzima iwe shambani kabla jua halijapanda. Ponda zabibu chache, chuja, tumbukiza hidromita, kipimo kinachoonyesha wingi wa sukari: ukiona 1.095 hivi, vuna. Kichala chenye ukungu kitupwe palepale, hata kama bibi anasema ni upotevu.

3. Kamua na utulize

Kamua mara moja, bila kuloweka maganda. Kilo 100 hutoa mchuzi, yaani juisi ya zabibu, wa lita 60 hivi. Usikamue hadi machicha yakauke, maana tone la mwisho lina ukakasi. Tia potasiamu metabisalfeti, unga wa kuzuia vijidudu na kuharibika, gramu 5 kwa kila lita 100, kisha uache mchuzi utulie usiku kucha, ukiupoza kwa chupa za barafu zilizofungwa vizuri. Barafu yenyewe isiguse mchuzi. Asubuhi nyonya ule mweupe wa juu kwa mpira, mashapo yabaki.

4. Hamira

Iwe ya mvinyo, si ya mandazi. Gramu 20 hadi 25 kwa lita 100, iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 15, kisha izoeshe mchuzi kidogo kidogo kabla ya kuimimina kwenye pipa. Joto la pipa libaki kati ya nyuzi 15 na 18. Likizidi sana, harufu ya matunda inapotea na hairudi.

5. Simamisha

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Pima asubuhi na jioni. Hidromita ikifika 1.025, anza kupoza bila kungoja, kwa sababu hamira haisimami papo hapo. Ukishusha pipa hadi nyuzi 4, itasimama karibu na 1.020. Hapo kilevi ni kama asilimia 10, na sukari iliyobaki ni zaidi ya gramu 50 kwa lita.

Baridi huilaza hamira tu, haiiui. Ndiyo maana mvinyo ukishatulia unauhamisha, ukiacha mashapo, kisha unatia metabisalfeti gramu 10 na potasiamu sobeti, inayozuia hamira isizaliane, gramu 20 kwa lita 100. Viende pamoja: sobeti peke yake inaacha mlango wazi kwa bakteria, na mvinyo hunuka majani yaliyopondwa. Ukipata chujio lenye matundu ya maikroni 0.45, madogo kuliko hamira, chuja. Kwa anayeuza, kwangu mimi hilo ni la lazima.

6. Chupa

Osha, jaza, ziba. Kama ni za kuuza, mambo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na stempu za ushuru yashughulikiwe mapema, si siku ya kubandika lebo.

Chukua chupa mbili uziweke jikoni penye joto kwa wiki mbili, huku nyingine zikikaa kwenye baridi. Kizibo kikisukumwa juu au ukiona mapovu wakati wa kumimina, usipeleke hata chupa moja sokoni. Rudisha zote kwenye pipa, zipoze, uchuje upya.