Klabu au asasi haina hela ya dizaini? Anza na faili, programu baadaye

Kila mwaka wa masomo ukianza naulizwa lile lile, "kaka tumeanzisha klabu chuoni, mfukoni tuna 20,000, tutumie programu gani kutengeneza mabango?" na kabla sijajibu chochote mimi nauliza kwanza, huyo anayedizaini akimaliza chuo, faili litafunguliwa na nani? Maana programu za bure siku hizi zipo kibao, hilo sio tatizo tena. Nilishawahi kuwa kwenye kikundi ambacho logo ilikaa kwenye akaunti binafsi ya mwenzetu mmoja, jamaa akamaliza akarudi kwao, namba akabadilisha, imeili hajibu, sisi tukabaki na logo tuliyoikata kwenye picha ya WhatsApp, ukiikuza kidogo tu inakuwa kama vigae vya bafuni. Na bango la mahafali tukaliprinti hivyo hivyo. Aibu tupu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu hata kuchora. Fungueni imeili ya klabu, sio ya mwenyekiti, ya klabu, nywila waijue watu wawili au watatu, na ile laini inayopokea namba za uthibitisho isiwe ya mtu anayemaliza mwaka huu. Akaunti zote mtakazofungua baadaye zipite hapo. Asasi nazo ni hivyo hivyo, sana sana zile zinazotegemea watu wa kujitolea, anakuja leo mwezi wa sita hayupo.

Haya sasa tuje kwenye programu. Wengi mnaijua Canva, ile programu ya kudizaini ya mtandaoni, na sina ugomvi nayo, kwa mabango ya WhatsApp na Instagram ile ya bure inatosha, hata kwa simu unafanya, na watu wawili watatu mnaweza kuhariri kazi moja kwa pamoja. Utakwama pale unapotaka picha isiyo na rangi ya nyuma, au SVG (faili la mchoro unaokuzwa bila kuharibika), au PDF yenye rangi za CMYK, yaani zile za wino wa kuprintia, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, hivyo vyote ni vya kulipia. Asasi iliyosajiliwa isilipe haraka, Canva wana mpango wa mashirika yasiyo ya faida, mnaomba kwa kuonyesha usajili wenu na mkikubaliwa mnapata vitu vya kulipia bure mpaka watu 50. Klabu ya chuo isiyo na usajili wake haiingii humo. Na ule mpango wao wa bure wa elimu ni wa shule, yaani walimu na wanafunzi wa msingi na sekondari, mwanachuo asidhani imeili ya chuo itamfungulia mlango (nimeona watu wamepoteza jioni nzima hapo). Wanaopokea wanachuo bure ni Figma, programu nyingine ya kudizaini, ila hiyo nzuri zaidi kama timu yenu inatengeneza muonekano wa app au tovuti, kwa bango la kongamano ni kama kwenda gengeni na lori.

Logo msiitengenezee Canva, nisikilizeni hapa. Kwanza vile vichoro vyao vya tayari vinatumiwa na kila mtu duniani na leseni yao haiwaruhusu kuvisajili kama alama yenu ya biashara. Pili logo inatakiwa iwe vekta, yaani faili linahifadhi maelekezo ya mistari badala ya vidoti, ndio maana ukiiweka kwenye peni au ukutani ukubwa wa nyumba inabaki kali vile vile. Hapo kimbilieni Inkscape, programu ya kuchora vekta, ni bure tangu 2003 na bure kweli, hakuna ya kulipia iliyofichwa nyuma, unaipakua mara moja na baada ya hapo haili bando wala haihitaji intaneti.

Kama hamna anayejua kuchora kwenye kompyuta fanyeni hivi: chukueni karatasi nyeupe na maka peni nyeusi, mchoreni logo kubwa, pigeni picha mchana kwenye mwanga, ingizeni Inkscape, bonyezeni Shift+Alt+B na itawageuzia mchoro kuwa vekta, halafu mnasafisha kingo na kupaka rangi. Maandishi yakishakuwa sawa bonyezeni Ctrl+Shift+C yageuke maumbo, maana mwenye kiwanda asipokuwa na fonti yenu, yaani aina ya herufi mliyotumia, kompyuta yake itaweka nyingine yoyote inayoipenda. Ila kabla ya kugeuza hifadhini nakala moja ambayo maandishi bado yanaharirika, hili watu wanasahau kisha mwaka ujao wanaandika upya kila kitu.

Kuhariri picha za kamera sasa. GIMP ni bure, toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na limepunguza sana yale mauzauza ya zamani, inabidi uizoee tu. Laptopu ya kuazima ambayo huruhusiwi kusakinisha kitu? Fungua Photopea kwenye kivinjari, ina matangazo pembeni ila inafungua mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop, ile programu ya kulipia ya picha, na kazi inafanyika kwenye mashine yako mwenyewe. Affinity ya Waingereza, programu ya picha na michoro ambayo ilikuwa ya kununua, Canva waliinunua 2024 na mwaka uliofuata wakaiachia bure, unahitaji akaunti ya Canva tu na kompyuta ya Windows au Mac, na kwa maoni yangu kama mashine yenu ina nguvu hii ndio inaikaribia Photoshop kuliko zote. Ripoti ya mwaka ya asasi yenye kurasa 40, tumieni Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Inachosha mwanzoni lakini PDF yake kiwandani haigombani na mtu.

Zile programu za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli, za kwenye flashi achaneni nazo. Nyingine zinakuja na virusi, na asasi inayoomba hela za wafadhili ikija kukaguliwa utaeleza nini?

Kupanga bango lenyewe mimi huwa nawaambia angalieni khanga. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Pindo linaipa nafasi ya kupumua, mji unakamata jicho kutoka mbali, na jina ni sentensi moja tu, hakuna khanga yenye aya tatu. Sasa wewe bango la usajili wa wanachama unajaza malengo saba, picha za viongozi watano na logo za wadhamini, nani atasoma? Fonti mbili zinatosha, chukueni Google Fonts, za bure na leseni yake inaruhusu kuprinti.

Kabla ya kwenda Kariakoo au popote mnapoprintia, ulizeni kwanza saizi wanayotaka. A4 ni milimita 210 kwa 297, ongezeni 3 kila upande za kukatwa, hivyo ukurasa unakuwa 216 kwa 303, na maandishi yasisogelee ukingo. Picha ya kujaza A4 iwe na pikseli kama 2480 kwa 3508. Rangi nazo zitawadanganya, ile kijani ya kuwaka kwenye simu ikifika kwenye karatasi inapooza, ombeni karatasi moja ya majaribio kabla hamjaprinti 200, hata kama fundi ananung'unika. Na mkimtumia kwa WhatsApp tumeni kama hati, sio kama picha, ikienda kama picha inabanwa na ndio mnarudi kwenye vigae vya bafuni.

Kazi ikiisha, kwenye Google Drive (hifadhi ya mtandaoni) ya ile imeili ya klabu wekeni folda ya kila shughuli, ndani yake faili la kuhariri, PDF iliyoprintiwa, fonti, na kijifaili cha maandishi chenye namba za rangi za logo. Majina yawe na tarehe, 2025-11-bango-usajili, sio bango_mwisho_mwishokabisa2. Halafu mpeni mwanachama wa mwaka wa kwanza laptopu, nyie mkae pembeni kimya, mwambieni abadilishe tarehe kwenye bango. Akikwama, kuna kitu hamjakiweka kwenye folda.