Shamba lililoachwa likiungua: jinsi ya kulirudishia nyasi za kienyeji

Huku Makueni, Kenya, moto ukipita porini, nyasi huchipua upya kwenye mashina mara mvua inaponyesha. Moto huohuo ukipita kwenye shamba lililoachwa, udongo hubaki mtupu. Miaka ya palizi ilikwisha kung'oa nyasi za kudumu na kumaliza mbegu zake ardhini, yakabaki magugu ya msimu mmoja. Kwa hiyo mbegu lazima uzipeleke wewe.

Hatua ya 1: Mbegu

Changanya aina zinazomea kwenu. Mimi hutumia ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris), mbeetua (Eragrostis superba), ambayo mifugo huipenda sana, na nguu (Enteropogon macrostachyus), inayowahi kuota na kufunika udongo. Mbegu zilizovunwa juzi huwa zimelala, yaani ziko hai lakini bado haziko tayari kuota. Ziweke pakavu miezi sita au zaidi. Kisha zijaribu: tandaza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota baada ya wiki mbili. Zikiwa chini ya 30, ongeza kiasi cha kupanda.

Hatua ya 2: Ardhi

Usilime shamba zima. Pasua mifereji kwa plau ya ng'ombe, ikingame mteremko, kina cha sentimita 15 hivi, ili ivunje gamba gumu na kushika maji. Matawi yaliyoungua yalaze kukingama njia za maji.

Hatua ya 3: Kupanda

Panda udongo ukiwa mkavu, katikati ya Oktoba, kabla ya vuli. Kilo 2 zinatosha ekari moja. Mbegu hizi ni nyepesi na hupeperuka, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu. Buruta tawi juu yake, basi. Zikizama zaidi ya sentimita moja, nyingi hazitoki. Mwaka mmoja tulisubiri mvua ianze kwanza. Ilikatika miche ikiwa na majani mawili, tukapoteza msimu mzima.

Hatua ya 4: Mifugo nje

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na huniuma kila ninapoiona. Mche ni kijani, lakini mizizi haijashika; mbuzi akiuvuta, unatoka mzima. Zungushia miiba, zungumza na majirani mapema, na usubiri hadi nyasi zidondoshe mbegu. Baada ya hapo kata kwa mundu, ukiacha urefu wa kiganja.

Hatua ya 5: Moto ujao

Nyasi zikikauka huwaka. Kila kiangazi fyeka ukanda wa hatua kumi kuzunguka shamba. Moto ukipenya hata hivyo, usishike jembe. Chimbua shina moja: likiwa jeupe ndani, liko hai. Yaache yote yangoje mvua.