Jirani wa Meksiko akikualika usiku wa Septemba 15

Kwanza, usifanye nilichofanya mimi. Mwaka wangu wa kwanza Chicago, Mei 5, baa zote zimepambwa bendera na kofia pana, nikambishia hodi jirani yangu, mama mtu mzima wa Puebla, nikampa hongera za uhuru. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mei 5 ni vita vya Puebla, 1862, jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza lilipowapiga Wafaransa. Kwao Puebla kuna gwaride. Kwingine Meksiko wengi huenda kazini kama kawaida. Huku Marekani wauza bia ndio walioipigia debe.

Uhuru ni Septemba 16: padri Miguel Hidalgo aligonga kengele ya kanisa pale Dolores mwaka 1810, akawaita watu wainuke. Sherehe yenyewe ni usiku wa kuamkia.

Nenda na njaa. Utapewa pozole, ambayo mimi naiita makande yasiyo na maharage: mahindi makubwa huchemshwa na chokaa mpaka maganda yatoke, halafu yanaungwa kwa nyama na pilipili nyekundu. Juu yake tupia kabichi na figili, ukamue ndimu. Nyama mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo kama huli sema siku mbili kabla, si mezani. Mimi hutengewa kasufuria ka kuku. Kile kinywaji chekundu wanachokiita jamaica kisikutishe, ni rozela ileile.

Mikono mitupu haifai. Mimi hupeleka kashata za nazi. Wao wana cocada, ndugu yake kabisa, na kila mwaka shangazi mmoja huniuliza ni nani Mmeksiko aliyenifundisha. Masharubu ya bandia yaache dukani.

Usiage mapema. Rais wa Meksiko, mtakayemtazama kwenye runinga, hutokea kwenye roshani ya ikulu karibu saa tano usiku, lakini Meksiko iliacha kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi mwaka 2022 na huku Marekani bado tunasogeza, hivyo kwetu Chicago inakuwa saa sita. Anataja mashujaa mmoja mmoja, nawe unaitikia "¡Viva!" kwa sauti ya kifuani. Mwisho ni "¡Viva México!" mara tatu. Hiyo x itamke kama kh ya kheri. Sisi wa Tanga haitupi shida.

Kurudi, panda treni. Usiku huo magari yenye bendera hujaa mjini yakipiga honi, na polisi wakifunga barabara za katikati, teksi yako itazunguka mpaka alfajiri.